Ustaadh, Hii Hisa Itapanda?



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wazazi, na ninyi wanafunzi wetu wapenzi, leo tunaomba ruhusa tuzungumze jambo lililo nje kidogo ya mazoea yetu. Tumezoea kuwaletea darsa za twahara, swala na malezi. Lakini wiki chache zilizopita, baada ya darasa la Jumapili hapa Nsambya, kijana mmoja wa kidato cha tano alibaki nyuma wakati wenzake wanatoka. Akatoa simu, akatuonyesha mstari wa kijani unaopanda na kushuka kama vilima vya Kampala, akauliza: "Ustaadh, hii hisa itapanda?"

Tulimwambia akae chini kwanza. Swali hilo tunalijua vizuri. Mwaka 2021 tulijiuliza wenyewe, tukajijibu wenyewe, na jibu letu likaigharimu nyumba yetu. Tulimsimulia kijana yaliyotupata, na baadaye tukaona ni haki tuwasimulie na ninyi, maana hatudhani kuwa yeye ni peke yake anayeuliza.

Yaliyotupata

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa kidogo kidogo, kisha zikafungwa tena Juni 2021. Watoto walikuwa nyumbani. Sisi tulikuwa tumeweka karo ya watoto watatu, jumla shilingi milioni tatu, na pesa hiyo ilikuwa imekaa tu. Wakati huo huo mji mzima ulikuwa unazungumza habari za hisa, kwa kuwa ilijulikana kwamba MTN Uganda ingewauzia wananchi hisa zake.

Katika kikundi kimoja cha WhatsApp, ndugu mmoja akawa anasifu hisa za kampuni nyingine iliyokuwa tayari sokoni. Jina la kampuni hatulitaji, kwani kosa lilikuwa letu, si lao. Biashara yenyewe ilikuwa ya halali, hilo tuliliangalia. Hatukuangalia kingine chochote. Septemba 2021 tukanunua kwa pesa yote.

Wiki tatu za mwanzo bei ikapanda kidogo, na nyumba nzima ikajua. Kila jioni tukirudi kutoka msikitini tulimwambia mama watoto, "Leo tumepata elfu arobaini." Tulisema "tumepata" ilhali hatukuwa tumeuza hata hisa moja. Tukawa tunafungua simu kati ya somo na somo. Siku moja mtoto alikuwa anatusomea Suratul Mutaffifin, sura inayowaonya wanaopunja vipimo, akakosea mahali pawili nasi hatukusikia. Macho yetu yalikuwa kwenye simu chini ya meza. Mwenzake ndiye aliyemsahihisha.

Oktoba bei ikaanza kushuka. Mwisho wa mwezi huo Rais akatangaza kuwa shule zitafunguliwa Januari. Mwenye busara angeuza siku ile ile, akubali hasara ndogo, karo irudi mahali pake. Sisi tukasema, "Tutauza ikirudi pale tuliponunulia." Ndugu zetu, soko halijui ulinunua kwa bei gani, wala halina deni nawe. Lakini ile bei ya kununulia tuliishika moyoni kama ahadi, na kila iliposhuka zaidi ndivyo tulivyozidi kuona haya kuuza.

Jioni zetu hazikuwa tena na habari za hisa. Mama watoto akiuliza tulijibu, "Iko salama, alhamdulillah." Neno la kumshukuru Mola tukalifanya pazia.

Shule zilifunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Tulipompigia dalali atuuzie, tukajifunza jambo jingine: katika soko letu kuuza si kazi ya siku moja. Wanunuzi wa hisa ile walikuwa wachache. Ziliuzwa kidogo kidogo kwa karibu wiki tatu, na bei ikazidi kuteremka. Baada ya ada ya dalali tulibakiwa na milioni mbili na laki mbili. Watoto wawili wakaanza muhula. Wa tatu akabaki nyumbani mwezi mzima zaidi, naye alikuwa amekwisha kukaa nyumbani karibu miaka miwili. Mama watoto akauza cherehani yake ndipo akaenda.

Hakutugombeza. Alisema haya tu: "Baba watoto, ulipokuwa unapata ulikuwa unaniambia kila siku. Ulipoanza kupoteza hukuniambia."

Hadi leo hatujapata jibu la kumpa. Fedha ilikuwa ya watoto, sisi tulikuwa waweka amana tu, na mwenye kuweka amana hana haki ya kuificha habari yake. Hasara ya laki nane tumekwisha kuisahau. Maneno yale hatujayasahau.

Hisa ni ile ile

Baada ya hapo tuliamua kusoma, kwa kuwa mwalimu asiyejua alikosea wapi atakosea tena. Mfano uliotufungua macho zaidi ni wa majirani zetu wa Kenya.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani asilimia 25 ya kampuni, kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Watu walipanga foleni. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara nne, hivyo mwananchi wa kawaida alipewa karibu hisa moja tu kwa kila tano alizoomba. Juni 9 mwaka ule hisa zikaingia sokoni Nairobi, bei ikapita shilingi 7, shangwe kila mahali. Kabla ya mwaka kwisha ikawa imeshuka chini ya 5. Hisa zilikuwa nyingi, waliotaka kuuza upesi walikuwa wengi, na msukosuko wa fedha wa dunia nzima ukaingia mwaka huo huo.

Sasa tazameni watu wanne. Wa kwanza alikopa benki kwa riba ili anunue. Akapewa sehemu ndogo ya alichoomba, huku riba inahesabiwa kwa mkopo wote, na alipotaka kuuza bei ilikuwa chini. Huyu alipata dhambi na hasara kwa pamoja. Wa pili aliona shangwe ya siku ya kwanza akanunua kwa 7, kisha akaogopa akauza kwa 4. Wa tatu alinunua kwa 5, pesa yake mwenyewe ambayo hakuihitaji. Akawa anapokea gawio mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2021 bei ikapita shilingi 40. Wa nne aliposikia habari za wa tatu akakimbilia kununua kwa hiyo 40, na mwaka 2023 akaiona iko chini ya 15.

Hisa ni ile ile, na kampuni ni ile ile. Kilichowatofautisha ni pesa waliyoingia nayo, na sababu iliyowaingiza. Sisi wa Nsambya tulikuwa ni yule wa pili, na tofauti yetu naye ni mji tu.

Soko letu la Kampala

Kijana alituambia, "Basi Ustaadh, tuambie soko la hapa litakuwaje mwaka ujao." Tukamkumbusha mwisho wa Suratu Luqman, ambapo Allah (S.W.) ametaja mambo ambayo elimu yake iko kwake peke yake, na mojawapo ni yale ambayo mtu atayachuma kesho. Anayekwambia kwa yakini kuwa bei itapanda mwezi ujao amedai asichokuwa nacho. Hata hivyo kuna mambo yanayojulikana, na Muislamu anatakiwa ayajue kabla ya kutoa shilingi yake.

Soko la Hisa la Uganda lilianzishwa mwaka 1997, na hisa za kwanza kuingia humo zilikuwa za Uganda Clays, watengeneza matofali na vigae, mwaka 2000. Hadi leo kampuni zilizoorodheshwa hazifiki 20, na baadhi yake ni za Kenya zinazouzwa huko na huku. Soko dogo lina tabia yake: bei inaweza kukaa mahali pamoja wiki nzima, na unayetaka kuuza unaweza kukosa wa kukununulia. Kwa hiyo aliyezoea kusikia habari za New York, ambako hisa huuzwa kwa kufumba na kufumbua, asidhani hapa ni vivyo hivyo.

Jambo la pili, fedha nyingi za wakubwa hapa kwetu huenda kwenye hati fungani za serikali, kwa sababu zinalipa riba kubwa. Pesa ikikimbilia huko, hisa hukosa wanunuzi. Sisi Waislamu hatuwezi kuingia katika riba hiyo, lakini ni lazima tuelewe kuwa inagusa bei ya hisa zetu.

Jambo la tatu, sifa za tangazo si bei ya kesho. MTN Uganda iliuza hisa zake kwa shilingi 200 mwishoni mwa 2021. Waliotarajia zipande mara moja walishangaa kuziona chini ya 200 mwaka uliofuata, na mwaka 2024 kampuni hiyo ilipouza nyingine iliziuza kwa 170. Baadaye bei ikavuka tena 200. Airtel Uganda iliuza kwa shilingi 100 mwaka 2023, wanunuzi wakachukua kiasi cha nusu tu ya zilizotolewa, na bei ikateremka chini ya 100. Katika miaka hiyo, aliyekuwa mtulivu aliangalia gawio, ambalo mtu binafsi hulipokea baada ya kukatwa kodi ya asilimia 10. Aliyekuwa na haraka aliangalia simu.

Jambo la nne, someni mkataba. Umeme iliingia sokoni mwaka 2012 kwa shilingi 275 kwa hisa. Kazi yake ya kusambaza umeme ilikuwa ya mkataba wa miaka 20 uliokwisha tarehe 31 Machi 2025. Tarehe hiyo haikuwa siri. Hisa ya kampuni ya namna hiyo ni kama duka la kupanga: hata likiwa na wateja wengi, ni lazima ujue siku ya kurudisha ufunguo. Wangapi walinunua bila kuuliza siku hiyo?

Na msidhani haya hayawahusu. Mzazi mwenye kazi ya mshahara anayekatwa michango ya NSSF tayari yumo sokoni, kwa kuwa mfuko huo umenunua hisa kwa fedha za wanachama wake.

Halali, haramu, na moyo wa mnunuzi

Wanafunzi wetu hutuuliza kama hisa ni kamari. Jibu la wanavyuoni wengi wa zama zetu ni kuwa hisa ni ushirika. Ukinunua hisa umemiliki fungu la kampuni, faida yake na hasara yake. Kwa hiyo la kwanza ni kazi ya kampuni. Kampuni ya bia, kama East African Breweries ambayo nayo imo katika soko letu, haina mjadala. Benki za riba vile vile. Kwa kampuni ambazo kazi yake ni halali lakini zina mikopo ya riba, wanavyuoni wamekhitilafiana. Wako waliokataza kabisa. Na wako waliowekea mipaka, kama taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, ambayo imeweka kwamba mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5, na fungu hilo mwanahisa alitoe asile. Kila mmoja amuulize mwanachuoni anayemwamini kabla ya kununua, na pia aulizie zaka ya hisa zake, kwa sababu hukumu ya anayenunua ili auze haifanani na ya anayekaa nazo kwa ajili ya gawio.

La pili ni namna ya kuuza na kununua. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuuza asichokuwa nacho. Amekataza pia najash, nayo ni mtu kupandisha bei ya kitu hali hana nia ya kukinunua, ili mwingine aingie. Sokoni kwa zamani alisimama mtu kando ya ngamia akapaza sauti. Siku hizi anaandika kwenye kikundi cha WhatsApp. Ndugu yule aliyetusifia hisa hatumtuhumu, pengine alikuwa na nia njema. Lakini tungemuuliza maneno mawili tu tungesalimika: "Wewe unazo? Na unauza?"

La tatu halionekani kwa macho. Mtu anaweza kushika hisa ya halali kwa moyo wa mcheza kamari. Dalili zake tunazijua, kwa kuwa tulikuwa nazo: kutazama bei kila saa, kufurahi kwa pesa isiyoingia mkononi, kukataa hasara ndogo mpaka ikue, kuficha. Allah (S.W.) ametuambia katika Suratul Maida kuwa kamari inaleta uadui na inazuia watu wasimkumbuke Mola wao na wasiswali. Sisi hatukucheza kamari kwa jina, lakini mtoto alikosea aya mbele yetu nasi hatukusikia. Kila mmoja ajipime kwa kipimo hicho.

Daftari

Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana na kuweka mashahidi. Kwa hiyo nyumbani kwetu tumeweka daftari la kurasa arobaini na nane, lile lile la shule. Hatununui hisa yoyote kabla ya kuandika mambo manne: kampuni hii inapata wapi pesa yake, kwa nini tunainunua, pesa hii tutaihitaji lini, na jambo gani likitokea tutauza hata kwa hasara. Pesa ya karo, ya kodi ya nyumba, ya dawa na ya deni haiandikwi humo. Tunaandika tu pesa ambayo miaka mitano tunaweza kuishi bila kuigusa, na kwa mshahara wa madrasa si nyingi. Mwisho wa ukurasa mama watoto anatia sahihi. Akikataa kutia sahihi, hatununui. Amekwisha kukataa mara mbili. Mara moja alikosea yeye, mara moja alituokoa, na mara zote mbili tulilala vizuri.

Tulipomaliza kumsimulia kijana yote haya, tukamwomba simu yake. Tukamuuliza hisa ile ni ya kampuni gani, akataja kampuni ya Marekani. Tukamuuliza kama jina lake limeandikwa mahali popote kuwa ni mwanahisa. Hakujua. Tukakaa tukasoma masharti ya programu ile pamoja, karibu nusu saa, mpaka tukafika panapoeleza. Hakuwa amenunua hisa yoyote. Alikuwa amewekeana dau na wenye programu juu ya bei itakwenda juu au chini, na wao wamemkopesha mara kumi ya pesa yake ili dau liwe kubwa. Hiyo haina umiliki wala ushirika, na bei ikienda kinyume kidogo tu, pesa yake yote inapotea. Alikuwa ameweka shilingi laki moja na nusu.

"Ni pesa ya nani?" tukamuuliza.

Akatazama chini. Ilikuwa pesa ya usajili wa mtihani, mama yake alimpa ampelekee mwalimu wa darasa. Mama huyo anauza chapati karibu na kota za reli, tunapita kwake kila asubuhi.

Hatukumgombeza, kwa sababu tulijua anayegombeza ni nani. Tulimwambia mambo mawili: atoe kilichobaki leo leo, na amwambie mama yake leo leo, hata kama pesa iliyobaki ni pungufu. La kwanza alilifanya pale pale mbele yetu, zikarudi laki moja na elfu kumi na mbili. La pili alisema atalifanya baada ya kujaza pengo. Tukamwambia, "Mwanangu, hapo ndipo na sisi tulipopotelea." Akaondoka bila kuahidi.

Jumapili iliyofuata alikuja na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mtupu isipokuwa mstari mmoja chini kabisa, na juu ya mstari ule sahihi ya mama yake.

Ndugu zetu wazazi, watoto wetu wataingia katika masoko haya tutake tusitake, simu zimo mikononi mwao. Tusiwaache wakajifunzia kwa watu wanaowatamanisha. Na tukiwa tumepoteza, tuwaambie tumepoteza. Mtoto aliyeona baba yake anakiri hasara mezani naye atapata ujasiri wa kukiri ya kwake ingali ndogo.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe riziki ya halali yenye baraka, atukinaishe kwa alichotugawia, na azihifadhi amana zilizo mikononi mwetu. Tuliyoyasema kwa usawa yanatoka kwake, na tuliyokosea ni yetu. Wallahu a'lam.